Ngoja ngoja ya mashine ya gemu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Leo naanza kwa kukiri kosa. Nilimponza mtoto wa dada yangu. Sikula shilingi yake hata moja, wala sikumtakia mabaya. Nilimponza kwa ushauri, tena kwa sauti hii hii unayoisikia hapa, sauti ya mtu anayejua. Kumbe nilikuwa nasema nisichokijua.

Mpwa wangu huyu ni mzaliwa wa Nyakitonto, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kwa wewe wa mjini usiyepafahamu, kule ni nchi ya vilima, migomba, mihogo na maharage, na baridi yake ya jioni hukutafuta hadi ndani ya koti. Alipomaliza kidato cha nne hakukaa kungojea ajira. Alihamia Kasulu mjini, akapanga chumba kimoja cha biashara, akaweka televisheni mbili, mashine mbili za PlayStation 3 zilizokwisha kutumika kwa watu wengine, na mabenchi manne. Hilo ndilo banda lake la gemu. Mechi moja shilingi 300, na anayefungwa anampisha mwenzake.

Najua wapo wanaoyalaumu mabanda haya kwa utoro wa wanafunzi, nao wana hoja. Mpwa wangu hamruhusu mtoto mwenye sare kukanyaga mlangoni. Wateja wake ni vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria, vijana wa sokoni, na siku za Jumapili watu wazima na heshima zao ambao hawapendi kuonekana. Umeme wa gridi ya Taifa ulipofika mkoani Kigoma mwaka 2022 na jenereta za dizeli zikazimwa, biashara yake ilitulia. Kwa mechi hizo za shilingi 300 alikuwa analipa kodi ya chumba na kumtunza mama yake.

Basi, Juni 2024 akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za huko?"

Akanieleza kwamba kutokana na banda, pamoja na maharage ya msimu ule, ameweka akiba ya shilingi 1,200,000. Zilikuwa zimebaki laki chache kufikia bei aliyotajiwa na muuza duka mmoja wa Kariakoo kwa PlayStation 5 iliyotumika. Hizo chache angeweza kukopa kwenye kikundi. Lakini vijana pale bandani walikuwa wamemwambia kuna nyingine mpya inakuja, yenye nguvu zaidi. Akauliza: "Mjomba, eti ikija hiyo mpya, hii ya sasa itashuka bei? Ninunue au ningoje?"

Mimi, bila hata kuvuta pumzi, nikamwambia: "Ngoja. Subira yavuta heri. Mashine mpya ikiingia, ya zamani hushuka."

Akasema: "Haya mjomba. Wewe ndiye mtu wa habari."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonichoma hadi leo.

Hebu nieleze kwanza kwa nini nilisema vile, maana sikubuni. Wazee wa michezo hii wanaikumbuka historia yake. Mei 1995, mjini Los Angeles, kampuni za michezo ya kompyuta zilikutana kwenye maonyesho ya kwanza ya E3. Sega ilitangulia, ikatangaza kwamba mashine yake ya Saturn itauzwa kwa dola 399. Zamu ya Sony ilipofika, bwana mmoja aitwaye Steve Race alikwenda mbele ya kipaza sauti, akatamka namba moja tu, mia mbili tisini na tisa, kisha akarudi zake kuketi. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Dola 100 za tofauti zilimaliza ubishi kabla mashine hazijawekwa kwenye mizani. Mwaka 2001 Sega iliacha kabisa kutengeneza mashine za nyumbani.

Ikafuata PlayStation 2. Hii ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299. Mwaka 2002 ikashuka hadi dola 199. Mwaka 2004 ikawa 149, mwaka 2006 ikawa 129, na mwaka 2009 ikafika dola 99. Bei iliteremka ngazi kama mtu mzima, hatua kwa hatua, bila kurudi nyuma. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kote, na hazikuacha kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013. Hizo ndizo zilizofungua mabanda ya gemu katika miji yetu midogo.

Hata kampuni ilipojaribu kujitutumua, soko liliirudisha chini. PlayStation 3 ilitoka Novemba 2006 kwa dola 499 na nyingine kwa dola 599. Mkuu wa kitengo kile cha Sony, Ken Kutaragi, alikuwa amekwisha kusema mapema kwamba angependa mnunuzi ajiambie atafanya kazi saa nyingi zaidi ili aipate. Wanunuzi hawakuziongeza saa hizo. Mauzo yalisuasua, na mwaka 2009 mashine ile ile, ikiwa imepunguzwa unene, ilikuwa inauzwa dola 299.

Kwa hiyo nilipomwambia mpwa wangu angoje, nilikuwa nimesimama juu ya miaka mingi ya ushahidi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba lililotokea jana lina mkataba wa kutokea kesho.

Sasa sikiliza lililotokea. Tarehe 10 Septemba 2024 Sony ilimtoa mbele ya kamera mhandisi wake mkuu wa mashine hizo, Mark Cerny, akaitangaza PlayStation 5 Pro. Tetesi zilikuwa zimezagaa tangu mapema mwaka ule, na wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kweli lilikuwepo. Tetesi zilisema mashine mpya itachora picha kwa kasi zaidi ya ile ya awali kwa asilimia 45. Cerny akasema asilimia 45. Zilisema itakuwa na mbinu mpya ya kuisafisha picha iwe kali zaidi. Ikawa hivyo.

Lakini bei? Huko wabashiri waliangukia pua. Wengi walikisia kati ya dola 500 na 600. Ikatajwa dola 699 na senti 99. Na juu ya hapo ikaja habari ambayo wengi waliisikia kama kofi: mashine ile haina mlango wa diski. Ukiutaka mlango huo unaununua peke yake, dola nyingine 80 kasoro senti moja. Tukihesabu kwa haraka, dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni karibu shilingi 1,950,000 kwa vyote viwili, kabla ya meli, ushuru na faida ya mwenye duka.

Kwa nini sifa za mashine zilivuja zikawa za kweli, na bei haikuvuja? Sababu ni nyepesi ukiitafakari. Kampuni haiwezi kuzificha sifa. Watengenezaji wa michezo waliotawanyika duniani kote lazima waambiwe miezi mingi kabla mashine itakuwa na nguvu kiasi gani, ili michezo iwe tayari. Siri ya watu elfu si siri. Bei ni jambo jingine. Hakuna mtengenezaji wa mchezo anayelazimika kuijua. Inakaa kwa wakubwa wachache, nao wanaweza kuibadilisha hadi siku za mwisho, wakimtazama mshindani na thamani ya fedha. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisikia tetesi za sifa, sikiliza kwa sikio moja. Ukisikia tetesi za bei, ziba yote mawili.

Na ile mashine ya kawaida, ambayo mimi nilimhakikishia mpwa wangu kwamba itashuka? Haikushuka. Ukiacha punguzo za msimu wa sikukuu, bei yake ilipanda. Ulaya, Uingereza na Japani zilikuwa zimepandishiwa tangu Agosti 2022. Marekani ikapandishiwa Agosti 2025, dola 50 kwa kila aina. Mashine iliyozaliwa Novemba 2020 kwa dola 499 ilikuwa inakaribia miaka mitano, na sasa ilikuwa dola 549. Katika umri kama huo PlayStation 2 ilikuwa imekwisha kupunguza zaidi ya nusu ya bei yake.

Nini kilibadilika? Zamani vipande vya ndani, vile vinavyofanya hesabu, vilikuwa vikizidi kuwa vidogo na rahisi kila baada ya miaka michache. Mashine ile ile ikawa inatengenezwa kwa gharama ndogo, na kampuni ikakubali faida nyembamba, hata hasara, ikijua itafidia kwenye mauzo ya michezo. Siku hizi udogo huo wenyewe ni ghali, na kila hatua mpya inadai mitambo ya mabilioni. Yakaongezeka mengine: uhaba wa vipande baada ya janga la korona, kushuka kwa thamani ya sarafu mbalimbali, ushuru mpya wa Marekani mwaka 2025, na mwisho wa mwaka huo bei ya vipande vya kumbukumbu kuruka kwa sababu vinagombewa na mitambo mikubwa ya akili bandia. Mtoto wa Kasulu anayetaka kucheza mpira kwa shilingi 300 amejikuta kwenye foleni moja na matajiri hao.

Turudi bandani. Septemba ile ile ya 2024, wakati mpwa wangu anangoja, jirani yake mmoja nyumba ya tatu kutoka kwake hakungoja. Alifungua banda lenye mashine mbili za PlayStation 4. Hazikuwa mpya, wala hazikuwa za ajabu. Lakini zilikuwa zinacheza mpira wa misimu ya karibuni. PlayStation 3 mpira wake wa mwisho wa FIFA ni wa mwaka 2018. Humo Messi bado yuko Barcelona na Samatta bado yuko Genk. Vijana wakaanza kumtania mpwa wangu kwamba kwake si banda la gemu, ni makumbusho ya Taifa. Utani huo ukamhamishia wateja kwa jirani.

Alinieleza hesabu yake mwenyewe. Kila siku alikuwa anapoteza kiasi cha mechi kumi. Mechi kumi kwa shilingi 300 ni shilingi 3,000. Kwa mwezi ni 90,000. Alingoja miezi kumi na mitano, hadi Desemba 2025. Zidisha mwenyewe, msikilizaji: ni shilingi 1,350,000. Yaani gharama ya kungoja ilipita ile akiba yote aliyokuwa nayo mkononi siku aliyonipigia simu. Wahenga hao hao waliotuambia subira yavuta heri ndio waliotuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilimpa methali ya kwanza, ya pili nikaisahau.

Kuna jambo la pili, na hili naomba mzazi wa mjini alisikilize vizuri, hasa yule ambaye mwanawe anamsumbua kwa mashine mpya. Ni ule mlango wa diski.

Kwa mtu wa London au Chicago, diski ni plastiki inayochukua nafasi kabatini. Kwetu sisi diski ndiyo njia. Mtu aliyeko mbali ananunua mchezo, anaucheza, anachoka nao, anauuza. Unaingia Dubai, unashuka Kariakoo, unapanda basi zaidi ya kilomita elfu moja, unafika Kasulu ukiwa na mikwaruzo lakini unacheza. Banda moja likimaliza linabadilishana na banda la Kibondo. Nikiwa mkweli, zamani diski nyingine zilikuwa za kunakili, na wengi wetu hatukuuliza zimetoka wapi. Lakini hata iliyo halali kabisa ilikuwa na haki hii moja: aliyeishika mkononi ndiye mwenye nayo, na angeweza kumpa mwenzake.

Mchezo usio na diski hausafiri hivyo. Unanunuliwa kwa jina la mtu, unashushwa kwa intaneti, na kubaki kwenye akaunti yake. Hawezi kuuza, hawezi kuazimisha kwa rafiki wa mtaa wa pili. Na michezo mingi mikubwa ina gigabaiti 50 na zaidi. Kwa bando la simu, kijana wa Kasulu anaweza kumaliza data ya mwezi mzima kabla hajagusa pedi.

Wala usidhani kampuni haziwezi kubadili mawazo. Mei 2013 Microsoft ilitangaza Xbox One, na ikaeleza kwamba mashine ingelazimika kuonana na intaneti kila baada ya saa 24, na kwamba kuuziana michezo iliyotumika kungewekewa masharti. Wanunuzi walipiga kelele dunia nzima. Sony, iliyotangaza yake kwa dola 399 dhidi ya 499 za Microsoft, ikatoa picha fupi ya video kuonyesha namna ya kuazimana mchezo kwenye mashine yake: mtu mmoja anamkabidhi mwenzake diski, basi. Tarehe 19 Juni mwaka huo huo Microsoft iliyafuta masharti yale. Miaka kumi na moja baadaye Sony hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mashine yake ya bei ya juu kuliko zote bila mlango wa diski. Nayo Nintendo, ilipotoa Switch 2 Juni 2025 kwa dola 449, ilileta kadi za michezo ambazo nyingine ndani yake hamna mchezo, mna ufunguo tu wa kwenda kuushusha kwenye intaneti.

Kwa hiyo tetesi za mashine ijayo zinapoanza, na zimekwisha kuanza, mimi sitauliza tena itachora majani mangapi uwanjani. Oktoba 2025 Mark Cerny alizungumza na mkuu mmoja wa kampuni ya AMD kuhusu mbinu mpya za kuchora mwanga na kubana picha, akasema anatarajia kuzileta kwenye mashine ya baadaye, miaka michache ijayo. Hakutaja tarehe, hakutaja bei. Wengine wote wanaotaja wanakisia, hata wakitaja kwa sauti nzito.

Ninayouliza sasa ni maswali matatu. Je, ina mlango wa diski? Je, inacheza bila intaneti? Je, mchezo nilioununua kwa mashine ya zamani utaingia kwenye hii? Mashine itakayojibu ndiyo mara tatu, hata ikiwa ghali leo, iko siku itafika Kasulu. Isiyojibu hivyo itaishia kwa aliyeinunua mwanzo.

Na kwa wewe uliye na fedha mkononi leo, pima aina ya haja yako. Kama mashine ni ya kujifurahisha, ngoja ukitaka, hupotezi ila usiku mmoja mmoja. Kama ndiyo jembe lako, basi usilime kwa jembe linalosemekana litakuja. Nunua lililopo dukani, lenye bei iliyoandikwa.

Desemba 2025 nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mpwa wangu amekwisha kununua PlayStation 4 mbili zilizotumika, kila moja ina mlango wake wa diski, na juu ya televisheni amepanga diski saba kama mtu aliyepanga vyombo vya harusi. Wateja walikuwa wameanza kurudi. PlayStation 5 bado hana. Hakunilaumu, na malezi ya kule hayamruhusu kumlaumu mjomba. Alinikaribisha kiti, akaninunulia soda, tukatazama mechi.

Baadaye akaniuliza polepole, macho yake yako kwenye televisheni: "Mjomba, eti ya sita inatoka lini? Itakuwa shilingi ngapi?"

Nikamjibu: "Sijui."

Alicheka sana. Akasema: "Mjomba, ungelisema hilo mwaka ule."